Baba, Mama na Watoto Waendapo Kuona Wanyama



Shule zinapofungwa, hasa mwezi wa Desemba, katika nyumba nyingi huwa kuna ombi moja linalorudiwa asubuhi na jioni: "Baba, utatupeleka lini kuona wanyama?" Mtoto mmoja amesikia kwamba watoto wa jirani walimlisha twiga kwa mkono. Mwingine ameona picha kwenye simu ya mjomba. Baba hujibu, "Tutaona." Mama hujibu, "Muulizeni baba yenu." Jambo hubaki hapo hapo hadi Krismasi. Kisha siku moja baba anaamua, watoto wanavishwa nguo za kanisani, na familia inatoka.

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya siku hiyo. Pengine mtu atauliza twiga na kiboko wana uhusiano gani na Sakramenti ya Ndoa. Mimi nimewasikiliza wanandoa kwa muda mrefu, na nimeona kwamba msiba mkubwa mara nyingi huwaleta mume na mke karibu. Akifa mzazi, wakifukuzwa kazini, hushikana mikono. Siku inayowafichua hasa ni ile iliyokusudiwa kuwa ya furaha. Siku hiyo hakuna kazi ya kukimbilia wala wageni wa kujificha nyuma yao. Mko ninyi, watoto, na pesa kidogo mliyoiweka kando.

Walinijia bwana mmoja na mkewe. Bwana anafanya kazi Mombasa, na bibi anakaa bara pamoja na watoto watatu, akiangalia shamba na shule. Mwaka huo watoto walikuwa wameshuka pwani kwa treni pamoja na mama yao, mara ya kwanza kuiona bahari. Baba alikuwa amejinyima miezi kadhaa ili awapeleke Haller Park, pale Bamburi, kando ya barabara ya kwenda Malindi. Hakumwambia mkewe mpango huo. Alitaka kumfurahisha ghafla. Walipofika langoni na baba akatoa noti, mama akauliza mbele ya karani, "Kwani ni pesa ngapi hizo?" Alikuwa na karo ya Januari kichwani. Baba akaona ameaibishwa. Akanyamaza.

Ndani, mama alimbeba mtoto mdogo mgongoni, na mkononi kiondo chenye chapati, mayai ya kuchemsha na thamosi ya chai. Alikuwa ameamka saa kumi za usiku kuvitayarisha. Baba alitangulia mbele akipiga picha kwa simu. Saa ya kula ilipofika, akasema watoto watanunuliwa soda na chipsi, akamwuliza mkewe ni nani aliyemwambia abebe chakula kama watu waendao matangani. Kuanzia hapo hadi kupanda matatu jioni hawakusemezana. Watoto walifurahi, au walijifanya kufurahi. Watoto wana akili kuliko tunavyodhani.

Hao wawili hawakuja kwangu kwa sababu ya matembezi. Walikuja baada ya Pasaka kwa sababu ya pesa: nani anatuma kiasi gani, nani hajui thamani ya nini. Tulizungumza karibu saa nzima kabla mama hajasema jambo hili: "Padre, alipiga picha arobaini na kitu. Mimi simo hata katika moja." Baba akatoa simu ili amwonyeshe kwamba si kweli. Akapekua, akapekua tena. Kisha akaiweka simu mezani bila kusema neno.

Mnaweza kuuliza ni nani mwenye kosa. Mama hakupaswa kuuliza bei mbele ya mgeni. Mambo ya mfuko wa nyumba yana mahali pake, na langoni si mahali pake. Lakini nikilazimika kupima, mzani wangu unamwelemea baba. Alitoa pesa yake na jasho lake, hilo simnyimi. Ila alikuwa ameamua peke yake, akapanga peke yake, akatembea peke yake, na mkewe akawa mchukuzi wa safari ya mtu mwingine. Mababa wengi tunaowajua ni watu wema wa namna hiyo. Hutoa vitu vyote isipokuwa mazungumzo.

Punda naye apumzike

Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 23, Mungu anapowapa watu wake sheria ya siku ya saba, anataja sababu ambayo sisi wakati wa mahubiri huipita mbio. Anasema siku hiyo ni kusudi ng'ombe na punda wapate kupumzika, na mtoto wa mjakazi pamoja na mgeni wavute pumzi. Mungu alimwona punda. Aliona mgongo uliobeba mzigo siku sita, akautungia sheria.

Basi hebu tujiulize: katika siku yenu ya mapumziko, ni nani punda? Ni nani anayeamka usiku kupika, anayebeba mtoto, anayetafuta choo cha watoto, anayefuta pua, anayekumbuka sweta, anayerudi nyumbani saa moja jioni na kuwasha jiko huku wengine wakijinyosha wakisema, "Leo tumechoka kweli"? Kanuni ya 1247 ya Sheria za Kanisa inawataka waamini siku ya Dominika na sikukuu za amri washiriki Misa, na pia waache shughuli zinazozuia ibada, furaha ya siku ya Bwana na pumziko la roho na mwili. Wengi wetu tunaijua nusu ya kwanza. Nusu ya pili inamhusu mama pia, jamani. Sheria haikusema pumziko la roho na mwili wa baba.

Kwa hiyo, ndugu bwana wa nyumba, ukipanga matembezi anzia kwenye kiondo. Nani atakibeba? Kama wewe ndiwe mwenye mabega mapana, jibu liko wazi, hata kama wapo watakaocheka kumwona mwanamume na kiondo. Waache wacheke. Mtakatifu Yosefu alimsafirisha Maria na Mtoto hadi Misri, na sidhani alitembea mbele mikono mitupu.

Nawe mama, kuna kinamama wasiokubali kusaidiwa. Akibebewa mtoto anasema anabebwa vibaya. Baba akiwanunulia watoto chakula anasema ni uharibifu, baba akikaa kimya anasema hajali. Mume wa namna hiyo hujifunza mapema kwamba njia ya amani ni kutangulia mbele na simu. Nasema hili kwa upole, lakini nalisema.

Shimo lililoota msitu

Ningependa mjue pale Bamburi palivyokuwa, maana wengi huingia, wakamwona twiga na mamba, wakatoka bila kujua wamekanyaga nini.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kutoa saruji mwaka 1954. Malighafi yake ilikuwa mawe ya chokaa, yaani matumbawe ya bahari ya kale. Waliondoa miti, wakaondoa udongo, wakachimba mawe, wakasogea mbele. Nyuma yao paliachwa shimo jeupe la mwamba mtupu, lenye joto kali, na maji ya chumvi yakiwa karibu chini yake. Hapakuota kitu. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo aliyeajiriwa na kampuni hiyo, René Haller, mzaliwa wa Uswisi, alianza kujaribu kupanda miti humo. Hesabuni wenyewe: kutoka 1954 hadi 1971 ni miaka 17 ya kuchukua kabla ya mtu kuanza kurudisha.

Alijaribu aina 26 za miti. Zilizoweza kuishi ni tatu tu. Mmoja wao ulikuwa mvinje, mti ule wa pwani wenye majani kama sindano, ambao huvumilia chumvi na ambao katika mizizi yake hukaa vijidudu vinavyochukua naitrojeni ya hewani na kuufanya ukue penye umaskini. Mivinje ikakua. Lakini likatokea tatizo jingine: majani yake makavu yalianguka, yakarundikana, yasioze. Bila majani kuoza hakuna udongo, na bila udongo hakuna mti mwingine wowote. Basi wakaletwa jongoo. Ndiyo, jongoo hawa wetu wanaotoka mvua inaponyesha, ambao watoto huwachokoza kwa kijiti wajikunje. Jongoo wakala majani makavu, na kinyesi chao kikawa udongo. Mwaka hadi mwaka, kidogo kidogo. Ndipo ikaja miti mingine, mabwawa ya samaki, ndege, kisha wanyama wakubwa. Mwaka 1984 watu wakaanza kukaribishwa kutembea humo, na baadaye mahali pakapewa jina la Haller.

Ndoa nyingi ninazoziona zilifunguliwa kama kiwanda. Kuna mmoja anachimbwa. Ujana wake umechimbwa, nguvu zake, uvumilivu wake, mshahara wake kama ndiye mwenye mshahara, na hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya. Nyumba ilihitaji kujengwa, watoto walihitaji kusoma, wakwe walihitaji mabati. Kisha baada ya miaka 17 mwenzake anageuka na kuona mwamba. Anashangaa: "Mke wangu zamani alikuwa mcheshi. Amekuwaje?" Au, "Mume wangu zamani alinieleza kila kitu." Ni kweli. Lakini udongo ule ulikwenda wapi?

Wengine wakiona hivyo huleta mti mmoja mkubwa, kwa mfano zawadi ya gharama, au siku moja ya kwenda kuona wanyama, na usipoota hukata tamaa. Kumbukeni hesabu: 26, wakabaki 3. Utajaribu kuwahi nyumbani, haitasaidia mwezi wa kwanza. Utajaribu kusali Rozari pamoja naye, atasinzia. Utajaribu kumwuliza habari za siku yake, atajibu "nzuri tu". Jambo moja litashika. Mara nyingi ni dogo sana. Namjua bwana ambaye lililoshika kwake ni kuchota maji kila asubuhi kabla mkewe hajaamka. Lilikaa karibu mwaka mzima bila kutajwa na yeyote. Na bado kuna majani makavu, yale maneno ya zamani yaliyorundikana: "Siku ile ulisema mama yangu ni mchawi." Hayo hayaozi yenyewe. Yanahitaji jongoo, yaani kazi ya polepole isiyopendeza macho: kuyarudia moja moja, kusikiliza, kuomba radhi, kwenda kwenye Kitubio, na kuyarudia tena yale yaliyobaki.

Jambo jingine ambalo mgeni asipoambiwa hawezi kulitambua ni kwamba shimo halikufukiwa. Mawe yaliyochimbwa yalikwenda kujenga nyumba za watu na hayakurudi. Ukitembea chini ya miti ile unatembea ndani ya shimo lenyewe, na msitu uliopo si ule uliokuwapo kabla ya 1954. Nawaambia hili ninyi mliosalitiwa na mkasamehe, na mnaosumbuka kwa sababu mambo hayajawa kama siku ya harusi. Pengine hayatakuwa. Msitu wa pili unaweza kulisha twiga vilevile.

Kiboko na kobe

Watoto wakifika pale watauliza habari za Owen na Mzee. Wazazi wengine wanaikumbuka, wengine walikuwa bado shuleni. Tarehe 26 Desemba 2004 wimbi kubwa la tsunami lilifika hata pwani yetu. Huko Malindi alionekana kiboko mchanga akiwa peke yake baharini, amepotezana na wenzake. Watu wakahangaika kumwokoa kwa nyavu, akaletwa Haller Park, akaitwa Owen kwa jina la mmoja wa waokoaji. Alipofunguliwa alikimbilia nyuma ya kobe mkubwa wa aina ya Aldabra, mzee wa miaka ipatayo 130, ambaye jina lake lilikuwa Mzee. Kobe mwanzoni alijisogeza mbali. Kiboko akamfuata. Siku kadhaa baadaye wakawa wanakula pamoja na kulala pamoja, na picha zao zikazunguka dunia nzima.

Hadithi hii hupendwa sana kwenye sherehe za harusi. Nimewahi kumsikia msema chochote akiwataka maarusi wapendane kama Owen na Mzee. Sikukubaliana naye. Kobe yule hakuwa mwenzi wa kiboko wala mama yake. Kiboko alipoanza kuwa mkubwa, watunzaji walihofia atamwumiza, na mwishowe wakawatenganisha, naye Owen akawekwa na kiboko mwenzake. Mwanzo sura ya 2 inatuambia kwamba Adamu aliletewa wanyama wote awape majina, na kati yao hakupatikana wa kumfaa, hadi Mungu alipomletea mwanamke. Hata leo tunawapenda wanyama, na tuna haki. Mbwa wa Tobia alimfuata bwana wake safari nzima ya kwenda kuoa, na Biblia haikuona haya kumtaja. Lakini mbwa hakuoa.

Funzo ninaloliona mimi kwa Owen ni la watoto wetu. Mchanga aliyepotezana na wake hushika chochote kilicho karibu chenye mgongo wa kuegemea. Baba akiwa mbali, au akiwa nyumbani lakini ndani ya simu, mtoto hatabaki bila mtu. Atamfuata binamu mkubwa, kikundi cha mtaani, au sauti zinazotoka kwenye skrini usiku. Wengine wana bahati wakampata kobe mpole. Sitaki kuhesabu wasio na bahati hiyo.

Na mama ambaye mumewe hasemi naye hushika pia. Mara nyingi humshika mtoto wa kwanza, hasa wa kiume. Humweleza madeni, humlalamikia baba yake, humfanya mshauri akiwa na miaka 12. Mtoto huona fahari kwanza, kisha huchoka, kisha humchukia mmoja wa wazazi, na si hakika atakuwa yupi. Mama mpendwa, mwache mtoto amlishe twiga. Usimpe mzigo wa mume.

Kabla hamjatoka

Ketini wawili, usiku mmoja kabla, watoto wakiwa wamelala. Pesa iwekwe mezani, yote, na msemezane: kiingilio kiasi hiki, nauli kiasi hiki, chakula tunabeba au tunanunua, na karo iko pale haiguswi. Papo hapo mkubaliane kama shemeji na watoto wake watakuja au la, kwa maana ugomvi mwingi huanza mtu wa tano anapotokea kituoni akitabasamu. Kitambulisho msikisahau, raia hutozwa tofauti na mgeni. Kama ni Dominika, Misa kwanza, ile ya asubuhi, nanyi muiambie Misa yenyewe nia zenu za siku hiyo. Twiga hawali wote mara moja, mtawakuta.

Mkifika, tembeeni kwa mwendo wa mguu mfupi zaidi. Simu apewe mtoto mkubwa, awapige picha baba na mama pamoja, hata kama atawakata vichwa. Angalieni tumbili wasiwanyang'anye mkate.

Wanaokaa Nairobi wanacho Kituo cha Wanyama Yatima kilichofunguliwa mwaka 1964 mlangoni mwa mbuga, na wa Kisumu wana swala wao kando ya ziwa. Na asiye na kiingilio asione haya. Kwa nyanya kuna ng'ombe aliyezaa, kuna bata, kuna mbuzi mkorofi. Mtoto wa mjini ambaye hajawahi kukamua atakumbuka chuchu ya ng'ombe ule kuliko mamba aliyelala kama gogo siku nzima.

Lakini kama ninyi wawili mmefika mahali hamsemezani kabisa, na mnawapeleka watoto kwa wanyama ili kelele zao zizibe ukimya wenu, ahirisheni. Twiga wale watakuwapo Aprili na watakuwapo Agosti. Mwachieni jirani watoto kwa saa mbili, mwende wawili tu, hata kama ni kibandani kwa chai na mandazi, na yule aliyenyamaza muda mrefu zaidi apewe nafasi ya kusema kwanza.